Kabla ya kutoa ardhi ya kiwanda cha fenoli Mombasa, ulizeni asetoni itauzwa wapi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Mheshimiwa Waziri wa Uwekezaji, Biashara na Viwanda. Wasimamizi wa Eneo Maalum la Kiuchumi la Dongo Kundu. Na waheshimiwa magavana wa Kilifi na Kwale.

Assalaam aleikum, waheshimiwa.

Kila yanapotajwa mafuta ya Turkana, na kila unapotajwa mtambo wa kusafishia mafuta wa Changamwe uliozimwa Septemba 2013, hapakosi msemaji wa kuongeza neno petrokemikali. Tusafishe wenyewe, tutoe plastiki, tutoe mbolea, tutoe kemikali za viwandani. Fenoli nayo haikosi kwenye orodha hiyo, kwa kuwa kwenye karatasi inapendeza. Viwanda vya dunia vina uwezo wa kutoa zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka. Inaingia kwenye gundi, kwenye nailoni, kwenye vioo vya plastiki vya taa za magari. Na sisi yote tunaagiza ng'ambo.

Nawaandikia mapema, kabla hajaja mtu na michoro ya rangi akiomba ekari za Dongo Kundu pamoja na ile kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza. Kutengeneza fenoli kutokana na mafuta hapa Mombasa ni hasara ambayo hesabu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kupika gundi ya fenoli hapa Mombasa ni biashara nzuri. Hizo ni kazi mbili mbali mbali, na zikichanganywa mezani mwenu, fedha za umma zitakwenda kwenye ile isiyofaa.

Mimi ni mnunuzi wa malighafi za gundi, mkaazi wa Changamwe. Sina mwekezaji ninayempigia debe wala ninayempiga vita.

Kwa asiyeijua, fenoli ndiyo ile iliyokuwa ikiitwa asidi ya kaboliki. Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitoa kwenye lami ya makaa ya mawe mwaka 1834, na mwaka 1865 daktari Joseph Lister akaanza kuitumia Glasgow kuzuia vidonda visioze. Lakini iliyoibadilisha kazi ni ugunduzi wa Leo Baekeland mwaka 1907, alipoichanganya na fomaldehidi akapata kitu kigumu kisichoyeyuka tena kwa moto. Chukua kipande cha plaiwudi ya marini, ile ya kuundia boti, ukitazame ubavuni. Baina ya tabaka na tabaka kuna mstari mwembamba wa kahawia iliyokoza. Hiyo ndiyo gundi ya fenoli. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kiache kutwa kucha, kisha kitoe: tabaka bado zimeng'ang'aniana. Sasa fanya hivyo kwa plaiwudi ya bei nafuu ya ndani ya nyumba. Mstari wake ni mweupe, gundi yake ni ya yurea, na maji ya moto huifumua vipande vipande. Kwenye mji wenye unyevu kama wetu, tofauti ya mistari hiyo miwili ni tofauti ya kabati la jikoni linalodumu na lile linalovimba masika ya kwanza. Gundi za jamii hiyo hiyo ndizo zinazoshikilia unga wa bitana za breki za matatu na malori yapandayo Mazeras, na ndizo zilizomo kwenye mbao za formika za kaunta za hoteli.

Kwa hiyo haja ipo. Mzozo wangu ni juu ya namna ya kuipata.

Fenoli imetengenezwa kwa njia kadhaa katika miaka mia na ushei, na kila njia iliyokufa iliuliwa na gharama. Ya kwanza ya kiwandani ilikuwa ya asidi ya salfuriki: benzeni, kimiminika kitokanacho na mafuta au lami ya makaa, inachanganywa na asidi, kisha inayeyushwa pamoja na kostiki, yaani soda kali, kwenye joto lipitalo nyuzi 300. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, fenoli ikatakiwa kwa mabomu ya asidi ya pikriki, na njia hiyo ikapanuka upesi. Hata Thomas Edison, alipokosa fenoli ya Uingereza ya kutengenezea santuri zake, alijijengea kiwanda chake mwenyewe. Vita vilipokwisha, ubaya wake ukabaki: kwa hesabu ya kikemia, kila tani ya fenoli inakula tani 1.27 za kostiki na kuacha tani 1.34 za chumvi ya salfaiti. Yaani unatoa taka au chumvi ya bei rahisi kwa wingi kuliko bidhaa yenyewe.

Naitaja njia hii ya kale kwa makusudi. Kuna hoja inayovutia, kwamba ndiyo itufaayo sisi wadogo: Magadi tuna magadi, chokaa tumejaaliwa pwani nzima, na viwili hivyo hutoa kostiki; asidi inatengenezwa Thika. Hoja hiyo inasahau kwamba benzeni haipo Magadi wala Thika. Benzeni italetwa kwa meli, na chumvi ile ya salfaiti hatuna wa kuichukua kwa wingi huo. Vivyo hivyo njia ya klorini, iliyofuata. Mtu atasema chumvi tunayo tele Gongoni, tuipitishie umeme tupate klorini na kostiki pamoja. Sawa, ila tani moja ya klorini inataka zaidi ya megawati-saa 2 za umeme, na nyinyi mnajua kilio cha wenye viwanda kuhusu bili za umeme kuliko mimi.

Njia iliyozimeza zote ni ya kumeni. Wajerumani Heinrich Hock na Shon Lang waliichapisha mwaka 1944. Warusi nao walikuwa wameigundua kwa upande wao, wakaanza kuitumia kiwandani Dzerzhinsk mwaka 1949. Benzeni huunganishwa na propilini, gesi itokanayo na mafuta, ikatoka kumeni. Kumeni inapulizwa hewa ikageuka peroksidi. Peroksidi ile hutiwa asidi kidogo tu, ikapasuka pande mbili: fenoli upande huu, na upande ule asetoni, kile kiyeyushi chepesi cha kuondolea rangi ya kucha. Hakuna milima ya chumvi, joto lake ni la wastani, na malighafi zake ni mbili tu pamoja na hewa. Leo zaidi ya asilimia 95 ya fenoli ya dunia hutoka humo.

Sasa waheshimiwa, hapa ndipo naomba mtulie nami kidogo, maana hapa ndipo fedha inapopotelea.

Fenoli na asetoni ya njia hii ni mapacha walioungana. Huwezi kumzaa mmoja ukamwacha mwenzake. Kila tani ya fenoli inakuja na kilo 617 za asetoni, upende usipende, na hakuna meneja wala mtambo wa kisasa unaoweza kuibadilisha hesabu hiyo, maana imo ndani ya kemia yenyewe. Kwa hiyo gharama ya fenoli haijulikani mpaka ujue asetoni umeiuza kwa bei gani. Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni, ili njia ya hesabu ionekane. Ikiwa kutengeneza tani moja ya fenoli pamoja na asetoni yake kunagharimu dola 1,300, na asetoni inauzika dola 700 kwa tani, basi umerudisha dola 432, na fenoli imekusimamia kwa dola 868. Asetoni ikianguka hadi dola 300, umerudisha dola 185 tu, na fenoli ile ile, kutoka mtambo ule ule, na wafanyakazi wale wale, sasa imekusimamia kwa dola 1,115. Umepata pigo la karibu dola 250 kwa tani, na kosa halikuwa la fenoli hata kidogo.

Wenye viwanda vikubwa wanalijua jambo hili na wamejikinga. Wengi wamejenga ubavuni mwa kiwanda cha fenoli kiwanda cha bisfenoli A, ambayo ndiyo mama wa polikaboneti na epoksi, kwa sababu bisfenoli hula fenoli na asetoni zote mbili. Lakini hata hiyo haimalizi. Bisfenoli inachukua fenoli mbili kwa asetoni moja, na kwa kuwa mapacha huzaliwa mmoja kwa mmoja, hata fenoli yako yote ikienda huko bado nusu ya asetoni inabaki inatafuta mnunuzi. Nusu hiyo huenda kwenye viwanda vya plastiki angavu ya akriliki na kwenye viyeyushi. Je, hapa kwetu? Wapo mafundi wa fiba wanaooshea brashi, wapo wenye rangi, dawa na saluni. Wote hao ukiwakusanya kuanzia Vanga mpaka Kiunga hawatamaliza asetoni ya kiwanda kidogo. Tena asetoni si bidhaa ya kurundika ovyo: ni mwepesi wa kushika moto, na imo kwenye orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kwa sababu hutumika kutengenezea dawa za kulevya. Mji wetu umeshaumia vya kutosha na dawa hizo, na sioni kwa nini tuweke matangi ya asetoni bila mnunuzi anayejulikana.

Kuna waliojaribu kumkwepa pacha huyo. Taasisi ya Boreskov ya Novosibirsk na kampuni ya Solutia ya Marekani zilitengeneza njia ya kuigeuza benzeni kuwa fenoli kwa hatua moja, kwa kutumia gesi ya naitrasi oksidi juu ya kichocheo cha zeoliti, na mtambo wa majaribio ukawekwa Pensacola, Florida. Hakuna asetoni hata tone. Lakini gesi yenyewe inataka kiwanda jirani kinachoitoa kama taka, na njia hiyo haikupata kutamalaki. Ipo pia njia ya kuanzia tolini na kupitia asidi ya benzoiki, nayo walioitumia ni wachache. Mwekezaji akija na mojawapo ya hizi akisema yeye hana tatizo la asetoni, muulizeni awapeleke kwenye kiwanda kinachofanya kazi na kulipa kodi kwa njia hiyo leo hii.

Baada ya asetoni kuna ukubwa. Wahandisi wa viwanda vya kemikali wana kanuni ya miaka mingi: gharama ya kujenga haishuki sambamba na ukubwa. Ukijenga kiwanda cha tani 20,000 badala ya cha tani 200,000, umepunguza uzalishaji mara kumi, lakini gharama ya ujenzi imepungua kama mara nne tu. Kwa kila tani unayotoa, mtaji wako ni mara mbili na nusu ya mwenzako. Na mwenzako huyo ni jirani yetu wa baharini. Kule Dahej, Gujarat, Uhindi, pwani ile ile ambayo majahazi yake yameijua Bandari ya Kale yetu tangu enzi za mababu, kampuni ya Deepak Phenolics ilifungua mwaka 2018 kiwanda cha tani 200,000 za fenoli na tani 120,000 za asetoni kwa mwaka, pamoja na mtambo wa kumeni wa tani 260,000 wa kukilisha. Uhindi ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya fenoli yake, kwa hiyo soko lilikuwa limeshakaa linangoja. Sisi tungemngoja nani?

Na wakubwa pia huanguka. Juni 2025 kampuni ya INEOS ilitangaza kuifunga kabisa Gladbeck, Ujerumani, kiwanda chenye uwezo wa tani 650,000 za fenoli kwa mwaka ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1950. Walilalamikia bei ya nishati na tozo za kutoa hewa ya ukaa Ulaya, na ushindani wa China. Kama kiwanda cha ukubwa huo, kilichozungukwa na wanunuzi, na mabomba, na reli, kimeshindwa kupumua, basi kiwanda kidogo cha Dongo Kundu kinachonunua benzeni na propilini kwa meli kitaishi kwa ruzuku. Ruzuku hiyo ni ya mwananchi.

Kuhusu mtambo wa Changamwe nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua unagusa nyoyo. Uliwashwa mwaka 1963, na umelisha nyumba nyingi za mtaani kwetu. Lakini hata ulipokuwa na afya yake, ulikuwa mtambo wa kutenganisha na kusafisha. Haukuwa na kitengo cha kuvunja mafuta mazito, na propilini hutokana na uvunjaji huo. Benzeni iliyokuwemo ndani ya petroli yake ni asilimia chache tu, wakati fenoli tani 200,000 inataka benzeni si chini ya tani 166,000. Mafuta ya Turkana nayo ni ya nta nta, yanafaa kwa mambo mengi, ila si hazina ya benzeni. Atakayewaambia kwamba malighafi ya fenoli tunayo tayari, mwombeni aandike kwa tani, si kwa maneno.

Basi tuijie ile biashara nzuri.

Fenoli husafiri vizuri. Chini ya nyuzi 41 inaganda, na Mombasa hata kiangazi cha Februari na Machi hakitufikishi huko. Ukilifungua pipa lake bandarini unakuta kitu mfano wa barafu iliyovunjika, nyeupe ikiwa mpya, ya waridi ikiwa imeshaonja hewa. Pipa huingizwa kwenye chumba cha mvuke mpaka liyeyuke, kisha linavutwa kwa pampu kwenye dungu la kupikia, yaani sufuria kubwa ya kiwandani. Humo hutiwa fomalini, yaani fomaldehidi iliyoyeyushwa majini, kisha kostiki kidogo kidogo, joto likichungwa lisipite kiasi, maana mchanganyiko huo ukishaanza hujichemsha wenyewe, na mpishi asiye makini anaweza kupoteza dungu zima. Kila baada ya muda anachota kidogo kwenye kikombe chenye tundu chini, anabonyeza saa, anahesabu sekunde mpaka kimalizike. Gundi ikifika uzito wake anaipoza upesi. Nimesimama karibu na dungu la namna hiyo, na nawaambia kwamba ni kazi ya ustadi ambayo kijana aliyehitimu kemia kwenye chuo chetu cha ufundi hapa Tudor anaiweza akifundishwa vyema.

Gundi yenyewe, tofauti na fenoli, haipendi safari. Karibu nusu yake ni maji, kwa hiyo anayeiagiza kutoka ng'ambo analipa nauli ya maji. Fomalini vile vile, sehemu kubwa ni maji. Tena gundi hiyo inaendelea kuiva ndani ya pipa hata ikiwa imekaa kimya, na joto linaiharakisha. Ya kukaa wiki kadhaa penye baridi, kwetu inakaa muda mfupi zaidi. Kuna msambazaji mmoja aliyetuletea mapipa yaliyokawia juani kwa mvutano wa karatasi za forodha. Tulipofungua, mengine yalikuwa mazito kama uji uliolala, mengine yameshikana kabisa hata kijiti hakiingii. Tulilipa nauli, tukalipa faini ya kuchelewesha kontena, kisha tukalipa tena kuyatupa. Hakuna fundi wa mbao au mtengenezaji wa breki anayeweza kushindana na bidhaa ya nje akibeba gharama hizo.

Ndiyo maana duniani viwanda vya fenoli ni vichache na vikubwa, ilhali viwanda vya gundi ni vingi na vidogo vidogo, karibu na watumiaji wake. Hesabu yenyewe ndiyo iliyovipanga hivyo. Kiwanda cha gundi hakihitaji bilioni za petrokemikali. Kinahitaji dungu, mvuke, maabara ndogo, na fenoli ya kuagizwa iliyohifadhiwa ikiwa na joto.

Hapo ndipo serikali ina kazi. Mnunuzi mdogo mmoja mmoja hawezi kuleta fenoli kwa tangi. Analeta mapipa machache kwa bei ya rejareja, na bei hiyo inamvunja mgongo. Tunaomba Dongo Kundu patengwe sehemu ya tangi la pamoja lenye kupashwa joto, linalosimamiwa na mwendeshaji mmoja mwenye leseni, ambapo viwanda vidogo vya Mombasa, na wenzetu wa bara na Uganda, watanunua kwa kiasi wanachomudu. Karibu yake pawe na mtambo wa kugeuza methanoli kuwa fomalini. Methanoli nayo husafiri vizuri na huja bila maji, na teknolojia yake ni ya kale na inanunulika.

Mheshimiwa Waziri, ushuru pia utazamwe. Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi zake: sufuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zisizokamilika, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 ngazi ya 35 kwa baadhi ya bidhaa. Hakikisheni fenoli na methanoli zinabaki sufuri, na kwamba tozo nyingine za uagizaji haziilemei malighafi mpaka ikawa afadhali kuleta gundi iliyopikwa. Na ikiwa pendekezo la fenoli ya mafuta limeshawafikia, liwekeni hadharani kabla ya kikao cha maoni ya wananchi, likiwa na majina ya wanunuzi wa asetoni na mikataba yao, chanzo cha benzeni na propilini kwa tani, na bei ambayo kiwanda kitaanza kula hasara.

Sasa usalama, na hapa sitaki kupita mbio. Changamwe na Jomvu hatuhitaji kufundishwa maana ya kiwanda kilichopewa leseni bila kuchungwa. Kijiji cha Owino Uhuru wanajua. Madini ya risasi ya betri yaliingia kwenye damu za watoto, na ilichukua miaka ya Bi Phyllis Omido na wenzake mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikatoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na bado rufaa zikafuata. Gundi ya fenoli haina risasi, lakini fenoli ina hatari zake. Ikimwagika ngozini inaacha doa jeupe, na mara nyingi mtu hasikii maumivu makali mwanzoni, kwa sababu inatia ganzi inapounguza. Hapo anadhani ni jambo dogo. Kumbe inapenya hadi kwenye damu, na eneo lisilo kubwa la mwili linatosha kuua. Maji machache ya bomba hayatoshi: yafaa maji mengi ya kumiminika, na ngozi ipanguswe kwa poliethilini glaikoli. Dawa hiyo si ghali. Iwe sharti la leseni kwamba ipo kiwandani, ipo kwenye gari la zimamoto, na ipo hospitali ya rufaa ya Pwani, kabla tangi la kwanza halijajazwa.

Maji machafu pia. Fenoli ikiingia kwenye maji yanayotiwa klorini, hata kidogo mno, hutoa ladha ya dawa ambayo ulimi unaitambua kabla ya vipimo vingi. Visima vya Likoni na mikoko ya ghuba ya Mwache haviwezi kubeba mzaha huo. Kuna desturi njema kwenye upishi wa gundi ya plaiwudi: maji ya kuoshea dungu hayamwagwi, yanawekwa na kutumika kwenye upishi unaofuata, maana gundi ile inahitaji maji vile vile. Iandikeni desturi hiyo iwe sheria ya eneo lile, na amana ya fedha ya kusafishia iwekwe benki mwanzoni, wakati mwekezaji bado anatabasamu.

La mwisho nawaelekea magavana wa Kilifi na Kwale, kwa kuwa fenoli nyingine mmeikalia na hamuitumii.

Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yale yanayobabua mikono ya akina mama wanaobangua. Mafuta hayo ni ndugu wa fenoli: yana umbo lile lile la fenoli na mkia mrefu nyuma yake. Yakipashwa joto hutoa kadanoli, na kadanoli huchukua nafasi ya sehemu ya fenoli kwenye gundi, hasa za bitana za breki, ambako ule mkia unafanya breki isiwe ngumu na ya kelele. Haiwezi kuwa badala ya fenoli yote. Inaungana polepole na gundi yake ni laini zaidi, kwa hiyo plaiwudi ya marini isiyo na fenoli halisi sitaipendekeza kwa mtu. Lakini kila kilo ya kadanoli inayoingia ni kilo ya fenoli ambayo dola hazikutoka nchini kwa ajili yake, wala haimletei mtu asetoni.

Kenya ilipiga marufuku mwaka 2009 kusafirisha korosho ghafi, na sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda ubanguaji wa hapa hapa. Ikiwa korosho inabanguliwa hapa, basi ganda linabaki hapa. Katika kila tani 1,000 za korosho ghafi, maganda ni kama tani 700, na mkamuo mzuri hutoa zaidi ya tani 150 za mafuta. Mara nyingi maganda hayo huishia kuwa kuni, moshi wake ukiwasha macho ya jirani. Ng'ambo ya mpaka wetu Tanzania inavuna mamia ya maelfu ya tani kila msimu, na nyingi zinaondoka ghafi kwenda Uhindi na Vietnam, ganda likiwa ndani yake. Mafuta ya ganda yakikamuliwa huko Mtwara yanaweza kufika Mombasa kwa jahazi.

Mkulima wa mkorosho amechoshwa na bei ya mara moja kwa mwaka kutoka kwa dalali. Ganda halitamtajirisha, ila mbanguaji anayeuza ganda ana nafasi ya kuongeza kitu kwenye bei ya korosho yenyewe, na chama cha ushirika chenye mizani kinaweza kudai hilo liandikwe kwenye mkataba. Tunaomba kaunti zenu mbili zihesabu msimu huu ni tani ngapi za maganda zinatoka kwenye kila kituo cha kubangulia na zinaishia wapi, kisha mtambo mmoja wa kukamulia na kupashia uwekwe pale yanapopatikana mengi. Wapika gundi wa Mombasa watataka sampuli kutoka mikupuo isiyopungua mitatu ya kupasha, zenye vipimo vya uzito wa kuchuruzika, vya maji na vya asidi iliyosalia, kabla ya kuagiza. Mkizituma, tutazipima na kuwajibu kwa maandishi, pamoja na bei tunayoweza kulipa.

Wasalaam,

Mnunuzi wa malighafi za gundi, Changamwe